Baba aliniomba nimsaidie kufa, nikakataa. Mwishoni nikakataa na dripu. Sasa ukoo unasema nimemuua

BintiReli (Jinja)

Habari za jioni, ndugu zangu. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Nimeuandika mara tatu nikaufuta.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Tumekulia Walukuba hapa Jinja, mtaa ambao Msamia, Mluo, Mnubi na Msoga walikutana kwenye Kiswahili, kwa hiyo hata ugomvi wa nyumbani kwetu ulikuwa wa Kiswahili. Mwaka juzi alianza kulalamika kiuno. Tukasema ni uzee, tukampa Panadol na dawa ya kuchua. Tulipokuja kufika hospitali, saratani ya tezi dume ilikuwa imeshatoka kwenye tezi na kuingia mifupa ya mgongo na nyonga. Daktari mmoja, hospitali sitaitaja, alinieleza tukiwa tumesimama koridoni, faili liko kwapani: mpelekeni nyumbani, hapa hakuna la kufanya tena. Tukarudi na vidonge vya maumivu vya wiki moja.

Niwaeleze kidogo tu mjue nazungumzia nini. Baba hakuweza kuvumilia shuka kumgusa paja. Lori likipita barabarani na kitanda kikatikisika, alifumba macho na kuuma pindo la leso ya marehemu mama. Hakupiga kelele hata siku moja. Alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini, moja mpaka mia, kisha anaanza upya. Mimi chumba cha pili nilimsikia akihesabu mpaka adhana ya alfajiri.

Usiku mmoja aliniita. Akasema, "Kaka yako hataweza. Wewe utaweza. Nitafutie kitu kinipumzishe. Nitaandika karatasi kwamba nimetaka mwenyewe."

Nikamwambia, "Baba, lala."

Mtu ananiomba kufa, mimi namwambia alale. Neno hilo linanichoma mpaka leo kuliko kukataa kwenyewe.

Siku chache baadaye mama mmoja wa VHT, wale wahudumu wa afya wa kujitolea mtaani kwetu, akatuunganisha na watu wa hospisi, wanaowahudumia wagonjwa wasiopona. Nesi alikuja na boda. Kabla hajafungua mkoba alivuta kigoda karibu na kitanda akauliza, "Mzee, maumivu yakiondoka kesho, ungependa kufanya nini?" Baba akafikiri sana. Akasema, "Nikae nje nione barabara." Akaachiwa chupa ya mofini ya maji, dawa ya maumivu makali. Siku ya tatu alilala usiku kucha. Wiki iliyofuata alikuwa kwenye kiti chini ya mwembe, anasalimia kila mwenye baiskeli.

Yangeishia hapo nisingeandika. Lakini aliomba tena. Mwili ulikuwa umetulia kabisa, anakula uji, anasikiliza redio, halafu ananiambia, "Lile jambo langu bado nalitaka." Safari hii sikumwambia alale. Nilimuuliza, "Baba, ni kitu gani hasa kinachokuchosha?" Akageukia ukutani. Baada ya muda mrefu akasema, "Mtoto wangu wa kike ananivua nguo."

Nikampigia kaka Kampala usiku uleule. Alikuja, akachukua kazi ya kumwogesha na kumbadilishia mfuko wa mkojo, akawa anamnyoa na ndevu. Baba hakulirudia ombi lile tena.

Wiki ya mwisho aliacha kula, kisha kunywa. Shangazi na watu wa ukoo kutoka Busia wakafika, wakataka arudishwe hospitali awekewe dripu na mpira wa kulishia puani. Baba alikuwa ametuambia, akili yake ikiwa timamu, kwamba hataki kufia koridoni. Nikakataa. Alifariki kitandani kwake siku ya nne. Kwenye matanga shangazi alisimama mbele ya watu akasema nimemuua kaka yake kwa kiu.

Naomba mnijibu bila kuniogopa. Nilipokataa ombi lake la kwanza, nilimtesa? Na nilipokataa dripu, nilifanya lilelile nililokataa mwanzo?

KijanaKisenyi

Pole sana dada. Nimesoma nikiwa kwenye teksi nikapitiliza steji. Sina jibu, nipo nasoma.

NesiWaMbarara

Dada, pole. Hii ndiyo kazi yangu kwa miaka mingi, na mofini nawaandikia wagonjwa mwenyewe. Walio nje ya Uganda wasishangae. Mwaka 2004 nchi hii ilibadilisha kanuni ili manesi na maafisa tabibu waliosomea huduma shufaa, yaani huduma ya kumtuliza mgonjwa asiyepona, waweze kuandika mofini bila kumsubiri daktari. Tulikuwa wa kwanza duniani. Daktari yuko mjini, mgonjwa yuko juu ya kilima Kisoro. Angesubiriwa daktari mgonjwa angekufa akipiga kelele.

Mwanzo wake ni 1993, pale Dkt. Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, alipoanzisha Hospice Africa Uganda Kampala. Mofini yenyewe haina makuu: unga, maji safi, kihifadhi isiharibike, na rangi ili watu wasichanganye nguvu zake. Kijani ndiyo nyepesi. Mgonjwa halipi.

Hofu kubwa ya familia ni kwamba mofini inaua. Mgonjwa akinywa dozi ya saa nne usiku akafariki saa nane, basi ile chupa ndiyo inayosingiziwa, na nesi aliyeileta. Ukweli ni kwamba dozi huanza ndogo na kupanda polepole kufuata maumivu. Saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, na ya saa nne usiku huongezwa ili apate kulala mpaka asubuhi. Ikipimwa hivyo haifupishi maisha. Inachofanya bila kukosa ni kufunga choo, ndiyo maana haiandikwi peke yake. Kama dawa ya kulegeza hakuna, tunawafundisha kukausha mbegu za papai na kuzisaga.

Sasa kuhusu ombi la kufa. Nililetewa mama mwenye kidonda cha saratani ya titi. Harufu ilikuwa imewatoa watoto ndani, wanakula barazani na kulala kwa jirani. Aliniambia waziwazi, "Musawo (daktari), nimalizie." Maumivu yake hayakuwa makali sana. Tukasaga vidonge vya metronidazole, dawa ya kuua bakteria, tukanyunyiza kwenye kidonda kila tulipobadilisha bandeji. Harufu ikapungua. Niliporudi nikamkuta mjukuu wa miaka minne amelala ubavuni mwake, mguu umepandishwa juu ya tumbo la bibi. Sikumuuliza lolote kuhusu kumaliziwa, na yeye hakulitaja.

Kwa hiyo mtu akiniambia anataka kufa, sisemi ndiyo wala hapana. Namuuliza, tangu lini? Na kabla ya hapo kulitokea nini? Wewe swali la namna hiyo ulilipata mara ya pili bila kufundishwa. Mara ya kwanza hukuwa na dawa wala mtu wa kukusaidia. Usijihukumu kwa usiku ule.

MtuWaBusia

Mimi nitasema wanayoogopa wengine. Mzee mgonjwa ni wa ukoo, si wa mtoto mmoja. Kwetu mtu hanyimwi maji. Hata mfungwa anapewa maji. Ulitakiwa umwachie shangazi yako.

UstadhArua

Ndugu wa Busia, tuongee kwa upole, huyu amefiwa.

Mimi ni Mwislamu na nitajibu kwa ninachokijua. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 29, Mwenyezi Mungu anatukataza kujiua, na palepale anatukumbusha kwamba Yeye ni Mwenye kuturehemu. Katazo na rehema vimekaa kwenye aya moja. Kwa hiyo kumpa mgonjwa kitu cha kumuua, awe daktari awe mtoto, hata kwa huruma, kwetu mlango huo umefungwa.

Lakini nataka watu wasome na hadithi ya sahaba Anas, iliyomo kwenye vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema asitamani mmoja wenu kifo kwa dhara lililompata. Na akiwa hana budi, basi aombe: Ewe Mola, nihuishe maadamu uhai ni heri kwangu, na unifishe ikiwa kufa ni heri kwangu. Angalieni lile neno "akiwa hana budi". Mtume alijua kuna maumivu yanayomfikisha mtu hapo. Hakumtukana wala hakumwita kafiri. Alimpa maneno ya kusema. Sisi tunapomfokea mgonjwa kwa kutamani kufa tunakuwa wakali kuliko dini yenyewe.

Na kuhusu dripu: kuna yule mwanamke wa kifafa katika hadithi ya Ibn Abbas, aliyepewa achague kati ya kuombewa apone na kusubiri apate Pepo. Akachagua kusubiri. Wanazuoni wengi wameichukua kuwa dalili kwamba matibabu si faradhi kwa kila hali, hasa pale yasipotarajiwa kufaa. Baba yako alikataa koridoni. Hakujiua.

MakindyeSheria

Naingia upande wa sheria, kwa sababu hapa watu wengi wanachanganya.

Dada, ile karatasi ya baba isingekuokoa. Kwa Sheria ya Kanuni ya Adhabu ya Uganda, anayemsaidia mtu kujiua, au kumshauri, kifungo chake kinaweza kufika maisha. Na ukimpa mwenyewe kitu cha kumuua hiyo inahesabiwa mauaji, hata kama alikuwa na ugonjwa ambao ungemuua kesho, kwa sababu kuharakisha kifo cha mgonjwa ni kusababisha kifo. Ridhaa yake si utetezi. Katiba ya 1995, ibara ya 22, inalinda uhai. Ibara ya 24 inakataza mtu kutendewa ukatili na kudhalilishwa, na hapo ndipo mimi naona kuna swali ambalo mahakama zetu zitakuja kuulizwa: kumwacha mtu aume leso wiki nne wakati dawa ipo nchini, huko si kumdhalilisha?

Afrika Kusini waliulizwa swali la kufa lenyewe. Mwaka 2015 wakili Robin Stransham-Ford, naye alikuwa na saratani ya tezi dume kama mzee wako, aliiomba Mahakama Kuu ya Pretoria ruhusa ya kusaidiwa kufa na daktari. Akapewa tarehe 30 Aprili. Ikabainika alikuwa amefariki saa chache kabla ya amri kutolewa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikaifuta amri ile. Mwaka huohuo Askofu Desmond Tutu, akitimiza miaka 85, aliandika kwamba angependa naye awe na hiari hiyo. Alishangaza Wakristo wengi. Alikufa 2021, na si kwa njia hiyo.

Dripu ni jambo jingine kabisa. Mkataba wa Wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2009 unampa mgonjwa haki ya kukataa matibabu. Baba alisema akiwa timamu. Wewe ulibeba neno lake tu. Ushauri wangu kwa wote mnaosoma: neno kama hilo lisemwe mbele ya watu wawili watatu, liandikwe, mzee atie dole gumba. Siyo kwa ajili ya mahakama, ni kwa ajili ya matanga.

Na jambo moja linaniuma: bado sheria yetu inamshtaki aliyejaribu kujiua akanusurika. Mtu anatolewa wodini anapelekwa kituo cha polisi. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kosa la namna hiyo linapingana na katiba yao. Sisi tunangoja nini?

MgandaUghaibuni

Nasoma kutoka Kanada. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee, na nitasema kitu ambacho hakitawafurahisha wengi humu.

Huku sheria ya kusaidiwa kufa na daktari ipo tangu 2016. Nilimhudumia mzee mmoja mwenye ugonjwa unaokausha misuli. Akili ilikuwa safi kama yangu. Kwanza mikono, kisha miguu, kisha sauti, mwishoni alikuwa anaandika kwa macho kwenye kioo cha kompyuta. Maumivu hakuwa nayo. Familia ilimpenda, walikuwa wanakuja kila siku. Alipangiwa siku, akachagua nyimbo, akaagana na mbwa wake. Mimi ndiye niliyemvalisha shati asubuhi ile. Nilikuwa nimejiandaa kuchukia nitakachokiona, sikuchukia.

NesiWaMbarara, nakuheshimu sana, lakini wewe unazungumza kana kwamba chini ya kila ombi kuna kitu cha kurekebishwa: harufu, maumivu, aibu. Kwa yule mzee tulitafuta. Tulirekebisha kila tulichoweza. Ombi likabaki. Hata Oregon kule Marekani, ambako sheria inafanya kazi tangu 1997, wanaoiomba hutaja zaidi kupoteza uwezo wa kujiamulia na kushindwa kufanya yaliyowapa raha maishani kuliko maumivu. Mtu wa namna hiyo mnamwambia nini?

NesiWaMbarara

@MgandaUghaibuni, nimekaa na swali lako tangu jana. Wapo. Nimekutana nao wachache, na mmoja ninamkumbuka kila mwezi. Sikuwa na la kumpa isipokuwa kuja, na nilikuja kila Alhamisi mpaka mwisho. Siwezi kusema ilimtosha. Ninachoweza kusema ni kwamba mkono unaoandika mofini sitaki uwe mkono ambao wagonjwa wangu wengine wanauogopa. Kijijini wakisikia mara moja tu kwamba nesi wa hospisi alimpa mtu dawa akafa, chupa zote nilizoacha kwenye nyumba zingine zitamwagwa.

MamaWaMbale

Mimi sikusoma sana lakini naomba mnisikilize.

Dada yangu alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi mwaka 2016. Mnakumbuka ule mwaka? Mashine ya mionzi ya hospitali ya Mulago, Kampala, na ilikuwa hiyo moja tu nchi nzima, ikafa isitengenezeke. Mwenye pesa alikwenda Nairobi. Dada alikuwa na tarehe ya kuanza mionzi imeandikwa kwenye kadi, akaikunja kadi akaiweka ndani ya Biblia. Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018. Yeye alikuwa ameshazikwa.

Alikuwa ananiambia, "Mdogo wangu, uza nguruwe usinunue dawa, lipa ada ya mtoto." Baadaye akaanza kusema afadhali afe mapema, ada isije ikaisha. Alikuwa anataka kufa kwa ajili ya ada! Kama kungekuwa na daktari wa kumsaidia kufa wakati ule, angeandika jina kesho yake, na kila mtu angesema amechagua mwenyewe, akili timamu, mashahidi wawili. Na ingekuwa kweli kwamba alikuwa timamu.

Ndugu wa Kanada, sikatai ulichokiona. Mzee wako alikuwa na nyumba, na nesi, na kompyuta ya kuandika kwa macho. Alichagua baada ya kupewa vyote. Dada yangu angechagua kabla ya kupewa kimoja.

MgandaUghaibuni

Mama, nimeelewa. Hata huku, 2021 waliipanua sheria ikawafikia wasio karibu kufa, na watu wenye ulemavu wakapiga kelele za aina yako hiyohiyo: kwamba wanapata ruhusa ya kufa upesi kuliko wanavyopata nyumba ya kuishi. Sibadilishi msimamo kuhusu mzee wangu. Lakini kwa Uganda ya leo nisingeipigia kura sheria hiyo.

TabibuMstaafu (Soroti)

Naona swali la pili la mleta uzi limeachwa njiani, na ndilo linalomtoa usingizi. Nitalijibu mimi.

Binti, mwili unaokufa huacha kula kwa sababu unakufa. Watu hugeuza, wanasema anakufa kwa sababu hali chakula. Figo zinapunguza kazi, moyo unachoka, tumbo linalala. Ukimwaga lita mbili za dripu kwenye mwili wa hivyo, maji hayana pa kwenda. Yanakaa miguuni, mikononi, mapafuni. Ule mkoromo wa maji kifuani ambao familia huusikia na kukimbia nje, mara nyingi dripu huuzidisha. Mpira wa puani ukimwaga uji kwenye tumbo lisilosukuma, uji unapanda, anapaliwa. Nimewaona wakifungwa mikono kwa bandeji kitandani wasiuchomoe mpira. Hayo ndiyo yangekuwa maji ya shangazi.

Na kiu ya mtu anayekaribia kwenda iko zaidi mdomoni. Kitambaa safi kilicholowa, kila baada ya muda mfupi, na mafuta kidogo kwenye midomo. Kama ulifanya hivyo, hukumnyima maji.

MtuWaBusia amenikumbusha jambo. Nimefanya kazi wodini miaka 30 na zaidi. Watu wanaosisitiza dripu siku ya mwisho mara nyingi ni wale waliofika siku ya mwisho. Siwalaumu. Wanataka wafanye kitu. Hawakupata nafasi ya kufanya kitu kwa miezi minane, sasa wanataka kukifanya chote kwa siku moja, na dripu inaonekana kwa macho. Niliona ukoo ukiuza kibanja, yaani shamba lao, kulipia siku tisa za mashine ya kupumulia kwa mzee ambaye ubongo wake haukuwa na dalili ya kurudi. Aliyebaki na deni ni mjane.

Kuna tofauti kati ya kumuua mtu na kuacha kuung'ang'ania ugonjwa ulioshinda. Kanisa Katoliki, ambalo hakuna anayeweza kulishuku kwamba linapenda kufupisha maisha, liliisema tofauti hiyo zamani: mwaka 1957 Papa Pius XII aliwaambia madaktari wa usingizi kwamba mtu halazimiki kutumia njia zisizo za kawaida kurefusha uhai, na kwamba dawa ya kutuliza maumivu makali inaruhusiwa hata ikitarajiwa kwamba huenda ikafupisha siku, maadamu nia si kuua. Lakini sitaki ujifiche nyuma ya Papa wala nyuma yangu. Tofauti ile uliiona mwenyewe. Usiku wa kwanza uliombwa ufanye kitu ambacho kingemtoa. Wiki ya mwisho uliombwa umwache aende akiwa kwake. Mkono wako ulikataa la kwanza na kukubali la pili.

KijanaKisenyi

Daktari, swali. Je, kama baba yake hakuwahi kusema lolote kuhusu koridoni? Mzee wetu nyumbani hatujamwambia hata kwamba ni saratani. Mama amekataza.

TabibuMstaafu (Soroti)

Mwanangu, yeye anajua. Mgonjwa anajua kabla ya faili. Anachokosa ni mtu wa kuongea naye, kwa sababu nyote mnamwigizia. Usimpe habari kwa nguvu. Kaa naye umuulize, "Mzee, unaonaje hali yako?" halafu nyamaza kabisa. Hesabu mpaka ishirini kichwani ukibidi. Atakuambia.

MtuWaBusia

Nimesoma yote. Sikuwa najua hayo ya maji kwenda mapafuni. Bado naamini ukoo ulistahili kuitwa mapema, siyo kuja kukuta mtu ameshaacha kunywa. Hilo silitoi.

BintiReli (Jinja)

Nimerudi. Nimesoma kila neno, mengine mara mbili, na sehemu ya MamaWaMbale sikuweza kuimaliza siku ya kwanza.

@MtuWaBusia, umesema kweli na inaniuma. Tuliwaambia Busia kwamba baba anaumwa mgongo. Miezi yote hiyo, mgongo. Baba mwenyewe alitaka iwe hivyo mwanzoni, halafu sisi tukaendelea kwa sababu ilikuwa rahisi. Shangazi alipanda gari akija kumwona kaka yake mwenye mgongo, akakuta mifupa. Ningekuwa mimi ningetafuta wa kumlaumu.

@TabibuMstaafu, kitambaa tulikitumia. Kilikuwa kipande cha ile leso ya mama. Kaka alikilowesha, mimi nikampangusa midomo, tukibadilishana. Mara moja alikinyonya, kama mtoto. Nilikuwa sijalisema hili popote kwa sababu niliogopa mtu ataniambia, unaona, alikuwa na kiu.

@MgandaUghaibuni, nimefikiri sana kuhusu mzee wako na shati lake. Baba angekuwa yeye, na ombi likabaki baada ya maumivu, baada ya kaka kuja, baada ya kila kitu, bado nisingeweza. Lakini nisingemwita mwenye dhambi. Ningekaa kwenye kile kigoda.

Leo asubuhi nimempigia shangazi. Hakukata simu. Alikuwa kimya muda mrefu, kisha akauliza kitu kimoja: "Aliumwa mwishoni?" Nikamwambia hapana, shangazi. Akasema, "Utanithibitishiaje?"

Kuna daftari. Nesi alituagiza tuandike kila dozi, saa na kiasi, na pembeni namna alivyoshinda. Ni daftari la shule la mtoto wa kaka, kurasa za mbele zina hesabu za kutoa. Zinazofuata ni mwandiko wangu na wa kaka, mpaka kurasa tatu za mwisho ambazo kaka aliandika peke yake kwa sababu mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Saa kumi na mbili, amekunywa, ameuliza kama mvua imenyesha. Saa nne, amekunywa, amelala. Saa nane, kidogo tu, matone shavuni, uso umetulia. Siku ya mwisho kumeandikwa, saa nne usiku, amemshika mkono dada.

Shangazi anakuja Jumamosi na gari la asubuhi. Nitamwekea kiti chini ya mwembe, nimpe daftari, nimwache alisome mwenyewe.